Mheshimiwa Bado Yumo Ndani

Nchi ninayoisimulia haipo. Ukijikuta unaifahamu, basi umekosea njia. Rudi ulikotoka, na usimwambie mtu kwamba mimi ndiye niliyekuelekeza. Jina ilikuwa nalo, zuri tu, lakini nimelisahau kwa makusudi. Kwa umri wangu huu sina magoti ya kupandia ngazi za ofisi kwenda kulieleza.

Rais wa nchi hiyo alipenda maendeleo. Kila kilicholetwa kutoka nje alikisifu kabla hakijafunguliwa. Siku moja akaletewa binti mmoja, Tusekile, fundi wa programu za kompyuta, amweleze namna mashine moja inavyofanya kazi chungu nzima kwa wakati mmoja na kazi hizo zisigombane.

"Mheshimiwa," akasema Tusekile, "ndani ya programu kuna kazi nyingi zinazokwenda pamoja. Tunaziita nyuzi. Nyuzi ni nyingi, vitu zinavyovitaka ni vichache. Kwa hiyo tunaweka namba mlangoni. Vitu vikiwa sita, namba ni sita. Uzi ukiingia, namba inapungua moja. Ukitoka, inaongezeka moja. Ikifika sifuri, uzi unaofuata haupiti."

"Unafanya nini sasa?"

"Unalala, Mheshimiwa. Unalala hapo hapo mlangoni mpaka mwenzake atoke, ndipo unaamshwa."

Rais akasogeza kiti. "Haulalamiki?"

"Hapana."

"Wala hauulizi yule wa ndani anafanya nini muda wote huo?"

"Hauwezi, Mheshimiwa. Ni uzi."

Rais akasema kwa sauti ya mtu aliyeonyeshwa Peponi: "Hao ndio wananchi niliokuwa nawaomba kwa Mungu."

Tusekile alikuwa hajamaliza. Alitaka kusema kwamba liko sharti moja: anayetoka lazima atoe ishara kwamba ametoka, maana namba ile haina macho. Haioni chumba, inasikia ishara tu. Lakini Rais alikwisha kusimama, na katika nchi ile Rais akisimama, somo limekwisha.

*

Wakaamua kuanzia hospitali kuu, chumba cha mashine za kusafisha damu, maana kule watu waligombea kweli. Mashine zilikuwa sita. Nje ya mlango wakabandika ubao wenye namba ya taa nyekundu, na chini yake kitufe cha kijani kilichoandikwa INGIA. Ndani, kila mashine ilikuwa na kibao cha jina la aliyehesabiwa kwake, ukikigusa ndiye atakayetolewa, na ubavuni mwa mlango ule ule, kitufe chekundu: TOKA. Juu wakatundika kipaza sauti chenye sauti ya mwanamke mpole kuliko mwanamke yeyote niliyepata kumjua. Kazi yake ilikuwa kumwita aliye mbele ya foleni: "Fulani binti fulani, amka. Nafasi yako ipo." Na kila asubuhi aliwasoma walio ndani, jina kwa jina, na hali zao, ili jamaa zao tuliokaa nje tutulie roho.

Mlango wa pili ulikuwa nyuma, wenye zulia na mahali pa kuegesha magari marefu. Huo ulikuwa wa waheshimiwa. Haukuwekwa kitufe. Tusekile alipouliza sababu, Afisa Itifaki wa hospitali, Bwana Nyangasa, alimjibu kwa huruma, kama anayemfundisha mtoto kushika kijiko: "Binti, waheshimiwa hawahesabiwi."

Mimi yote haya niliyaona kwa sababu ya wifi yangu, Mwanamvua binti Shomari. Ni dada wa marehemu mume wangu, na mwaka ule figo zake ziligoma. Watoto wake wako mbali, wangu wako mbali zaidi, kwa hiyo tukabaki sisi vikongwe wawili kusindikizana. Utani wetu ni wa tangu niolewe.

"Ulimchukua kaka yangu mzima," ataniambia mbele ya benchi zima, "tukakwambia ukimaliza umrudishe. Umetuletea jeneza."

"Kaka yako alikuja mbovu tangu kwenu," namjibu. "Mshukuruni Mungu nilimtumia kwa uangalifu."

Benchi linacheka. Mwenye drip anacheka kwa kushikilia drip yake.

Na mwanzoni, nisiseme uongo, ule mpango ulikwenda vizuri. Namba ilishuka na kupanda kama kifua cha mtu aliyelala usingizi mwema. Wifi aliingia amevimba miguu, uso kama andazi, akatoka na sura yake niliyoizoea, ile ya kutaka ugomvi. Kitufe cha TOKA alikipiga kwa kiganja kizima, kofi la mtu anayemfukuza paka jikoni. "Nimeirudisha nafasi yenu," aliwatangazia waliokuwa nje, akininyooshea kidole. "Mimi siyo huyu."

*

Kosa likawa moja: kitu kilikuwa kikifanya kazi nacho hakijazinduliwa.

Waziri akaja. Akabonyeza INGIA mbele ya kamera, namba ikashuka kutoka sita hadi tano, watu wakapiga makofi. Akaingia, akaisifu mashine moja kwa hotuba ndefu, akaipigapiga mgongoni. Sasa itifaki ya nchi ile inasema mheshimiwa harudi kwa njia aliyoijia. Gari humsubiri upande wa pili. Akatokea nyuma, akapita zuliani, akaondoka.

Ubao ukabaki tano.

Muuguzi wetu alikuwa Sista Eufrasia, mwanamke mfupi mwenye mwendo wa haraka. Yeye aliona jambo jepesi. Mgonjwa wa mwisho alipotoka akabaki ndani, akanyoosha mkono, akabonyeza TOKA kwa niaba ya Waziri. Namba ikarudi sita. Wiki haikuisha, Sista akahamishiwa zahanati ya mpakani, mahali ambapo wagonjwa wengi ni mbuzi. Kosa lake lilitangazwa: kumtoa Mheshimiwa Waziri bila idhini ya mamlaka iliyomteua. Na namba ikarekebishwa. Ikawa tano.

Baada ya hapo nani atainua kidole? Wauguzi waliobaki walipita mbele ya kile kitufe wameficha mikono mifukoni.

Halafu kila mkubwa akataka picha yake pale. Akaja Katibu Mkuu, akaja Mkuu wa Mkoa, akaja Mkuu wa Wilaya, akaja mke wa mtu ambaye cheo chake hakisemwi. Kila mmoja aliingia mbele akatokea nyuma, na kila mmoja akaondoka na nafasi ya mtu kama anayeondoka na kitambaa cha meza. Foleni ikarefuka. Bwana Nyangasa akaisoma foleni kuwa ni mapenzi ya wananchi kwa hospitali yao.

Alikuja pia Mwenyekiti wa Wazee wa Chama, na huyo mwezi haukuisha akafariki, nyumbani kwake, kwa shibe. Akazikwa kwa mizinga. Asubuhi iliyofuata ile sauti ya upole ikasoma walio ndani, na yeye akiwemo: "Mheshimiwa Mwenyekiti, hali yake inaridhisha."

Mjane wake akaanza kuja. Kila asubuhi gari lilisimama, kioo kikashushwa kidogo, akasikiliza mpaka jina la mumewe lisomwe, kioo kikapanda, gari likaondoka. Mara moja moja alituma maua yapelekwe ndani.

"Mtazame," wifi alininong'oneza, "mtu kamzika mumewe, bado anakuja kumjulia hali."

Tulicheka mpaka wifi akakohoa. Mungu anasikia vicheko pia, wala havijibu papo hapo.

*

Namba ikafika sifuri siku ya jua kali, na wifi alikuwa ndiye wa kwanza kwenye benchi.

Ukichungulia kwenye kioo cha mlango, uliziona mashine sita zimefunikwa mashuka meupe, kama maiti wanaosubiri jamaa. Hapakuwa na mtu. Hata inzi hakuwemo, maana naye angehesabiwa.

"Wifi," Mwanamvua akaniambia, "humo mbona hamna watu?"

"Wamo. Ni macho yako ya kimaskini, hayaoni wakubwa."

Bwana Nyangasa akapanda juu ya kiti kuzungumza nasi. "Wananchi, nimewaona mnachungulia. Msikitazame chumba. Chumba kinapotosha. Tazameni namba. Namba inasema ndani kumejaa, na serikali haiwezi kubishana na namba yake yenyewe. Laleni kwa utulivu. Mtaamshwa."

Basi tukalala. Nchi ile kila mtu huacha kitu chake kwenye benchi kushika zamu anapokwenda msalani: ndoo, kiatu, hata meno ya bandia nimeona. Wifi alikuwa na mto wa maua aliouleta kutoka kwake, akiukalia mchana. Kila siku miguu yake ilizidi kujaa, ngozi ikang'aa kama jani la mchicha lililomwagiwa maji. Nikimbonyeza kwa kidole, shimo linabaki.

Tusekile akaja, amekonda, hana tena ile hadhi ya mtu aliyeitwa Ikulu. Nikamshika mkono.

"Binti, rekebisha kitu chako. Huyu mtu atakufa."

"Mama, programu haijakosea," akasema. Macho yalikuwa yamemwiva. "Inasema walioingia hawajatoa ishara ya kutoka, na kweli hawajatoa. Abonyeze mtu TOKA, imekwisha."

"Kabonyeze."

"Kitufe kiko ndani. Na kuingia ndani lazima namba ipite sifuri. Mlango wa nyuma funguo anazo Nyangasa. Neno la siri nililokuwa nalo wamelichukua, wanasema namba sasa ni mali ya serikali."

Wifi alikuwa amejiegemeza ukutani, macho yamefumba, tukidhani amelala. Akasema: "Binti. Huko kwenye nyuzi zako, uzi ukalala mlangoni, ukalala, usiamshwe kabisa. Mnauitaje?"

Tusekile akageuka kutaka kuondoka.

"Sema tu, mwanangu. Mimi nimeitwa mengi. Muulize huyu."

"Tunasema umekufa njaa, mama."

"Na mimi wamenikataza chumvi," akasema wifi. "Basi tutafika pamoja."

*

Kelele zikafika juu, tume ikaundwa, tume ikala, tume ikaamua. Aje Naibu Waziri, aingie kwa mlango wa nyuma kama stahili yake, abonyeze TOKA kwa niaba ya Waziri, kwa idhini. Nafasi moja itapatikana. Nafasi moja ilitutosha. Sisi hatukuwa na wifi wawili.

Akaja na ngoma. Akaingia nyuma, tukamwona kiooni akipita katikati ya yale mashuka, akatoa hotuba kwa mashine. Akabonyeza. Ubao ukapepesa, ukaandika moja.

"Mwanamvua binti Shomari," ikasema ile sauti, "amka. Nafasi yako ipo."

Nikampa bega. Kutoka benchi hadi kitufe hapakuzidi urefu wa mikeka miwili. Akasimama, miguu ikakataa, akasimama tena. "Usinivute," akasema, "mimi siyo kaka yangu." Tukapiga hatua.

Naibu Waziri alikuwa amekwisha kutoka kwa mlango wa mbele kuja kupongezwa. Mpiga picha wa serikali akalalamika kwamba ndani kulikuwa na giza, kidole cha Mheshimiwa hakikuonekana vizuri. Ingefaa kitendo kirudiwe hapa nje, penye mwanga.

"Kitufe ni kitufe," akasema Naibu Waziri kwa furaha, na kwa kidole kilichonyooshwa vizuri akabonyeza cha kijani.

Ubao ukaandika sifuri. Mlango ukamfungukia, na kwa kuwa itifaki hairuhusu mheshimiwa kusita mbele ya mlango uliofunguka, akaingia, akapita, akatokea nyuma, gari likaondoka. Ngoma ikalifuata.

Wifi alikuwa amebakiza hatua nne tano. Akautazama ubao, akanitazama mimi. Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha. Miaka yote ile sikuwahi kukosa, na siku ile nikakosa.

"Nirudishe nikae," akasema.

Akakaa juu ya mto wake. Alasiri hiyo hiyo, akiwa ameegemea bega langu, akawa mzito. Nilimwambia asinilalie, mkono wangu unakufa ganzi. Nilimwambia mara ya pili kabla sijaelewa.

*

Tulimzika karibu na kaka yake. Serikali ikatoa taarifa kwamba tangu mpango uanze, hakuna mgonjwa hata mmoja aliyefia ndani ya chumba kile. Ni kweli, mimi shahidi.

Siku ya nne nikaenda kuchukua ule mto. Watu wa benchi walikuwa hawajaukalia. Nikawa nauinua, ndipo ile sauti ikaanza kusoma walio ndani. Mheshimiwa Katibu Mkuu. Mheshimiwa Mwenyekiti. Kisha ikasema:

"Mwanamvua binti Shomari, hali yake inaridhisha."

Nikakaa chini na mto mapajani. Ikanichukua muda kuelewa. Programu ilikuwa imemwita yeye, kitufe kikabonyezwa. Nani kabonyeza, haina macho. Kwa hesabu ya serikali wifi yangu aliingia, na hakutoka.

Nilipaswa kucheka. Badala yake kesho yake nikarudi, na keshokutwa. Nilitoka nyumbani mapema, nikajifunga kanga safi, nikakaa. Sauti ya upole ikanisomea kwamba hali yake inaridhisha, nami nikaenda zangu. Asubuhi moja niligeuka nikaliona lile gari, kioo kimeshuka kidogo, na ndani yake mjane wa Mwenyekiti ananitazama. Hakunicheka. Alinipungia mkono kidogo, kama watu wa mtaa mmoja wanaopishana kisimani.

Ndipo Rais akabadilisha baraza la mawaziri. Haikuwa kwa ajili yetu, msinielewe vibaya. Alikuwa ameota ndoto. Waziri akaanguka, Katibu Mkuu akaanguka, Mkuu wa Mkoa na wa Wilaya wakaanguka, Naibu naye na vidole vyake, hata yule mke akapoteza mume mwenye cheo. Bwana Nyangasa akaingia chumbani siku hiyo hiyo, akawabonyeza TOKA wale wanne waliokuwa bado wamehesabiwa ndani, mmoja mmoja bila ngoma. "Hawa sasa ni watu wa kawaida," akaeleza, "wanaweza kutoka." Kisha naye akatolewa. Ubao ukaandika nne, wagonjwa wanne wakaitwa wakaingia. Ukarudi sifuri, na sifuri hii ilikuwa ya kweli, isipokuwa kwa mashine mbili: ya Mwenyekiti, kwa sababu marehemu hafukuzwi kazi, na ya wifi yangu.

Aliyebaki mbele ya benchi alikuwa mwalimu mmoja wa chekechea, Riziki, mwanamke kijana mwenye uso ulioanza kuvimba kwa namna niliyokwisha kuijua. Hakuniomba kitu. Alinisogezea tu nafasi nikae, akauliza: "Bibi, huyo Mwanamvua wa kila asubuhi ni wako?"

"Ni wangu."

"Anaendeleaje?"

Nikaenda kumtafuta Sista Eufrasia, aliyekuwa amerudishwa kutoka mpakani akinuka mbuzi kidogo, na sasa ndiye mwenye funguo za mlango wa nyuma.

"Nikubonyezee?" akauliza. "Hapana, bibi. Mimi nilishamtoa mtu asiye wangu, nikaona cha moto. Huyu ni wa kwenu. Mtoe mwenyewe."

Akanifungulia. Nikapita juu ya zulia la waheshimiwa na ndala zangu, ndala ya kushoto ina kamba ya katani. Wagonjwa wanne walikuwa wamelala, damu zao zinatembea mirijani. Mashine ya tano ilikuwa na maua makavu. Ya sita ilikuwa na shuka jeupe lililonyooshwa vizuri, na kibao chenye jina: Mwanamvua binti Shomari. Nikakigusa kibao, kisha nikalipapasa lile shuka. Lilikuwa baridi, kama kitanda cha mgeni ambaye hakufika.

Nikaenda mlangoni. Kidole changu kilisimama mbele ya kile kitufe kwa muda ambao Riziki alikuwa akiulipia huko nje. Nikajua nikibonyeza, kesho asubuhi sauti ile haitamsoma tena, wala hatakuwemo mahali pengine popote.

Nikakipiga kwa kiganja kizima, kama yeye.

"Mwanamvua binti Shomari," ikasema sauti, kwa upole ule ule, "ametoka." Halafu, bila hata kuvuta pumzi: "Riziki binti Mkwizu, amka. Nafasi yako ipo."

Nikatokea mlango wa mbele, Riziki akiingia, tukapishana mabega. Lile gari lilikuwa pale pale na kioo kimeshuka. Mjane alishuka, mara yangu ya kwanza kuiona miguu yake, akasimama mbele yangu.

"Inauma?" akauliza.

"Inauma," nikasema. "Kitufe chenyewe ni laini tu."

Nikamwachia mlango wazi. Kama aliingia au hakuingia, sikugeuka kutazama; hilo ni lake na mumewe. Mimi niliuchukua mto wa wifi kwapani, nikapitia makaburini, nikaukalia kati yao wawili, kaka na dada, nikasema: "Haya, Mwanamvua. Usije ukasema tena kwamba nikichukua sirudishi."

Nikangoja anijibu. Yeye kwa kawaida hujibu.